Ngoma ya Mabega

Nimefundisha ngoma shuleni tangu nilipokuwa msichana asiye na mume mpaka magoti yaliponiambia sasa yatosha. Siku hizi nakaa hapa Kalangalala, Geita mjini, jirani kabisa na shule, na watoto wakianza mazoezi sihitaji hata kuchungulia dirishani. Najua kwa sikio tu kama mwalimu wao amesimama mahali pabaya.

Ninyi mnaoanza kazi hii, nisikilizeni kwa hili kwanza. Ukisimama ukiwatazama watoto, ukainua mguu wa kulia, nusu yao watainua wa kushoto kwa sababu ndio ulio upande wako. Nusu nyingine, wale wanaojiona wajanja, watafikiri kidogo kisha wainue wa kulia. Kishindo kinapasuka vipande. Badala ya kusikia mguu mmoja mkubwa, unasikia mahindi yakikaangwa. Wape mgongo. Chagua mtoto mmoja anayeshika haraka, mweke mbele akiwatazama wenzake, awe jicho lako. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Hilo sikulivumbua mimi. Nilifundishwa Shinyanga, miaka ya sabini, kwenye kozi ya walimu wa ngoma iliyofanyika wakati wa likizo ya katikati ya mwaka. Wakati ule ilitakiwa kila shule iwe na kikundi cha ngoma, na shule nyingi hazikuwa na mwalimu anayejua hata kuwamba ngozi. Mimi nilikuwa nafundisha darasa la tatu shule moja ya karibu na Ushirombo. Mwalimu mkuu alinichagua kwa sababu nilikuwa mwanakwaya. Alisema anayeimba kanisani hawezi kushindwa kutikisa mabega. Baba yangu, mkulima na Mkatoliki wa kutokosa misa, hakufurahi. Aliuliza kama alinisomesha ili nikachezeshe watu. Mama alinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, nikaondoka juu ya lori la pamba. Kutoka Kahama hadi Shinyanga tulikula vumbi mpaka dereva mwenyewe aliposhuka akashindwa kunitofautisha na magunia.

Mkuu wa kozi alikuwa mama mmoja mrefu, Mwalimu Kabula. Alikuwa amesomea sanaa Pwani, akarudi kwao Usukumani akiwa na njia zake za kufundisha ambazo hazikuwa na huruma. Sisi tulifika tukitegemea kukuta ngoma zimepangwa. Hakuna hata moja. Wiki nzima ya kwanza alitufundisha kwa mdomo. Mdundo wowote tulitakiwa kuusema kwanza, ti-ndi-ndi-ti, tukitembea, tukifagia, tukioga. Mtu akikosea kuusema, Mwalimu Kabula alimwambia kwamba mkono hauwezi kupiga kile ambacho ulimi haukijui. Nimeishika njia hiyo maisha yangu yote. Mtoto mwenye ngoma mkononi anapiga kelele, lakini mtoto anayeweza kuutamka mdundo hana haja ya kusubiri ngoma inunuliwe.

Nililala chumba kimoja na Mama Minza, mwalimu wa Maswa, mtu mzima kuliko sisi wote, mnene na mwepesi wa miguu kwa namna ambayo ilitushangaza. Kwao ni wachezaji wa bugobogobo, ile ngoma ya majembe. Siku alipotuonyesha, alirusha jembe juu akazunguka, akalidaka bila kulitazama, watu wakapiga vigelegele. Kijana mmoja wa Bariadi akaona si kazi ngumu. Alirusha la kwake kwa nguvu zote, likapita juu ya vichwa vyetu na kutua kwenye bati la jiko. Mpishi alitoka na mwiko mkononi, akatuuliza kwa upole ni nani anayelima juu ya paa. Tangu siku ile nikifundisha ngoma ya majembe naanza na mpini mtupu, kisha mpini wenye gunzi kichwani, jembe lenyewe linakuja mwishoni. Nanyi fanyeni hivyo, na watoto wenye haraka wawekeni mbali na madirisha.

Sasa niwaeleze jambo lililonifanya niwaandikie haya.

Mwishoni mwa wiki ile ya kwanza, Mwalimu Kabula alitukusanya uwanjani. Alitueleza utaratibu wa mtihani. Tungegawanywa wawili wawili, kila mmoja angemfundisha mwenzake ngoma ya kwao, kisha angewafundisha watoto wa shule ngoma ya mwenzake mbele ya afisa utamaduni wa mkoa. Si kazi kubwa kufundisha ulichozaliwa nacho, alisema. Mwalimu ni yule anayeweza kufundisha alichofundishwa. Aliyeshindwa angerudi kwao bila cheti, na shule yake ingetafuta mtu mwingine.

Akatuita mmoja mmoja tuonyeshe kidogo tulichokuja nacho. Mimi nilicheza ngoma ya mavuno ya kwetu Usumbwani, ile ya wanawake, na nikaona imependeza. Halafu ikafika zamu ya mwalimu mmoja kutoka upande wa Geita, kijana mkimya aliyeitwa Elisha. Akasimama, mikono nyuma.

“Mimi sina,” alisema.

Watu wakacheka. Mwalimu Kabula hakucheka. Alimwambia kila mtu ana kwao. Elisha akajibu kwa adabu kwamba baba yake alikuwa Mnyasa, mama yake Mzinza, na yeye alizaliwa kambi ya mgodi mmoja wa dhahabu, mgodi wa zamani ambao sasa umeota vichaka. Kwa baba hakukujua, na kwa mama hakulelewa. Kisha akaketi. Majina yalipogawanywa, mwenzangu akawa yeye.

Sitawaficha, nilikasirika. Nilikuwa nimetoroka macho ya baba ili nirudi na cheti, na sasa nimefungwa na mtu asiye na ngoma. Elisha alijifunza ya kwetu haraka ajabu. Alikuwa na sikio la kukamata mdundo mara ya kwanza, na miguu isiyobishana. Lakini kila nilipomwambia sasa ni zamu yake, alitafuta la kufanya: kuchota maji, kukaza kamba za ngoma, kumsaidia mpishi kuni.

Mwalimu Kabula aliona. Aliniita pembeni akaniambia kuna mwalimu wa Kwimba ambaye mwenzake ameugua akaondoka, kwa hiyo nikitaka naweza kuhamia kwake.

Nikamuuliza, “Na Elisha?”

“Elisha atarudi nyumbani. Hana cha kufundisha, nitamweka hapa afanye nini?”

Nilimwomba anipe mpaka kesho yake. Hakunibembeleza wala kunilaumu, alisema tu kwamba kesho ni kesho.

Nilimkuta Elisha nyuma ya bweni akianika ngozi ya ngoma juani. Nikamwambia yote, kwamba nikihama yeye anaondoka. Alisema nihame, ni haki yangu. Ndipo nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza tangu mwanzo: huko kambini, Jumapili watu walikuwa wanafanya nini? Haiwezekani wanaume wote wale walikaa tu wakitazamana.

Aliikwangua ile ngozi hadi ukingoni. Kisha akaniambia. Kambini ngoma za kupigwa zilikatazwa mchana, kwa sababu waliofanya kazi usiku ndio wakati wao wa kulala. Basi watu wakatafuta namna ya kucheza bila ngoma. Kulikuwa na Waha, Wanyasa, Wakerewe, Wasukuma, Wangoni, kila mtu na kwao. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni ule mwendo wa kuingia shimoni. Chini kule, taa ikizimika, unamshika bega aliye mbele yako, unapapasa ardhi kwa mguu kabla ya kuikanyaga. Wakaufanya mwendo huo kuwa ngoma. Mstari mmoja, watu wameinama, mkono wa kushoto juu ya bega la mwenzako, mguu mmoja unakanyaga kwa uzito, mwingine unaburuzwa. Wa mbele anauliza, “Tupo?” na kila mmoja kwa zamu yake anajiinua na kutaja kwao, Kasulu, Ukerewe, Songea, Kwimba, kisha anazama tena, mpaka sauti inafika mkiani.

“Kumbe unayo,” nikamwambia.

“Ninayo. Sitaki tu kuicheza.”

Akanieleza kwamba mtu akifa, mstari haukufungwa. Waliacha nafasi yake, na aliyekuwa nyuma yake alicheza mkono ukiwa hewani, juu ya bega lisilokuwepo. Zamu ya marehemu ikifika, wote walikanyaga mara moja kimya, halafu wakaendelea. Siku ya kumaliza matanga, ndugu yake aliingia pale katikati, akataja kwao marehemu, na nafasi ikafungwa. Baba yake Elisha aliangukiwa na mwamba. Nafasi yake ilikuwa bado wazi wakati mgodi ulipofungwa na watu wakatawanyika, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Hapakubaki mtu wa kucheza naye.

“Nikiicheza hapa,” alisema, “nitaanzia wapi?”

Mimi si mtu wa maneno ya kufariji, hata leo. Nilimwambia aniwekee mkono begani anionyeshe mguu unaburuzwaje. Tulicheza wawili pale nyuma ya bweni mpaka kengele ya chakula. Kesho yake nilimwambia Mwalimu Kabula sihami.

Na hapo ndipo nilipogundua ugumu wa ngoma ile. Msidhani kitu chepesi kwa macho ni chepesi kwa mwili. Mkono ukiuegemeza begani kwa uzito, aliye mbele anachoka na kupinda mgongo. Ukiugusisha tu, unapoteza mdundo, kwa sababu hakuna ngoma ya kukukumbusha, mdundo unaupokea kwenye kiganja. Elisha alinifundisha kuuweka mkono kama unavyoweka mkono juu ya mtoto aliyelala. Nimewaeleza watoto wengi hivyo hivyo, na wote wameelewa bila kuonyeshwa mara ya pili.

Siku ya mtihani walitupa watoto wa shule ya mjini. Walikuwa watundu, wamechoka kukatizwa likizo yao, na wengine hawakutaka kushikana. Sikuwaambia habari za mgodi wala za kifo. Niliwaambia wafumbe macho, wamshike aliye mbele, wafike kwenye mti wa pembeni ya uwanja na kurudi bila mtu kuanguka. Walianza kwa kusukumana, wakamaliza kwa kunyamaza. Kisha nikawafundisha kutaja kwao, na hapo wakachangamka, maana mtoto yeyote anapenda kusikika. Mwishowe nikaweka nafasi katikati ya mstari, mimi nikasimama nyuma yake, mkono hewani. Elisha alikuwa mbele akiongoza, kwa sababu mtihani uliruhusu wenza kusaidiana kuonyesha.

Afisa utamaduni alikuwa mtu mzima, suti ya Kaunda, miwani mikubwa. Alitazama mizunguko kadhaa kisha akainua kalamu.

“Mwalimu, mstari umekatika. Funga hapo katikati.”

Watoto wakasimama. Mwalimu Kabula, aliyekuwa kando yake, hakunisaidia, alinitazama tu. Nilimwona Elisha amegeuka, uso wake hauna kitu.

“Haujakatika, mzee,” nikasema. “Hapo kuna mtu.”

Aliniuliza ni mtu gani, nami nikamweleza kwa maneno machache, kwa sauti ya kawaida, jinsi ngoma ile ilivyo na kwa nini. Sikutaja ni nani aliyekufa. Afisa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilidhani ataniambia kwamba hiyo si ngoma ya jadi, na nilikuwa nimejiandaa kubishana. Alichosema nimekibeba hadi leo.

“Basi ipanueni. Nafasi ndogo hivyo, mimi ninayetazama nadhani mmekosea. Iwe kubwa, nijue mmekusudia.”

Tukaipanua, hatua nzima mbele na nusu nyuma. Tulipocheza tena uwanja ulibadilika, na hata wapishi waliotoka kutazama waliacha kuzungumza. Afisa alikuwa amesema kweli. Jambo lolote mnalolikusudia jukwaani, lifanyeni kubwa kiasi cha kutotiliwa shaka. Kimya kifupi huonekana ni kusahau, na kimya kirefu mtu anajua kuna kitu.

Tulipata vyeti wote wawili. Kwenye cha Elisha waliandika amefundisha ngoma ya mavuno ya Wasumbwa, na kwenye changu wakakosa cha kuandika, wakaandika ngoma ya wafanyakazi. Nilipofika nyumbani baba alikisoma chote, akaniuliza ni wafanyakazi gani hao wanaocheza, nikamchezea uani. Alisema angalau hakuna kutikisa kiuno. Kwake hiyo ilikuwa baraka.

Miaka ya themanini nikahamishiwa huku Geita, wakati watu walipoanza kumiminika kutafuta dhahabu. Darasani kwangu nilipata watoto wa kutoka kila pembe, baba yuko mashimoni, mama anauza maandazi, na mtoto haelewi hata anachoimbiwa na mwenzake. Walimu wenzangu walilalamika kwamba huwezi kuunda kikundi cha ngoma na watoto wa namna ile, kila mmoja na lugha yake. Mimi nilikuwa na ngoma iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo hiyo. Wiki ya kwanza tu walishashikana mabega. Mama mmoja alikuja kunishukuru kwamba binti yake amepata marafiki, akasema wabeja sana, ingawa alikuwa Muha na Kisukuma chake ni hicho tu. Elisha naye alifundisha upande wa Bugarama mpaka akastaafu. Tulikuwa tukikutana kwenye mashindano ya shule, na vikundi vyetu vilishindana bila huruma. Alinishinda mara nyingi kuliko nilivyopenda, nikamwambia ajue kwamba mimi ndiye niliyemfanya asirudishwe nyumbani. Alikubali, lakini kikombe hakunipa.

Lakini nataka niishie Shinyanga, siku ya mwisho ya kozi, kwa sababu ndiyo ninayoiona vizuri zaidi nikifumba macho.

Mizigo ilikuwa imeshafungwa, lori la kutupeleka stesheni bado halijafika. Mwalimu Kabula alitoka ofisini, akamwambia Elisha atuchezeshe wote, walimu na wapishi, maana haikuwa haki wawili tu waondoke na ngoma ile. Tukajipanga. Mama Minza akachukua mkia, akisema mtu wa uzito wake ndiye breki. Yule kijana wa Bariadi akawa mbele yake. Mwalimu Kabula mwenyewe akavua viatu akaingia kwenye mstari kama sisi, akaweka mkono wake begani kwangu. Mbele yangu tuliacha nafasi, pana, kama afisa alivyotuagiza. Kabla hatujaanza Mwalimu Kabula alimuuliza Elisha kama nafasi hiyo ina siku ya kufungwa. Elisha akamweleza habari za ndugu anayeingia. Mwalimu Kabula akaitikia kwa kichwa.

Tukaanza. Vumbi lilipanda taratibu, miguu ikiburuzwa, na Elisha akauliza kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi, “Tupo?” Watu wakataja kwao mmoja mmoja. Zamu ikafika kwenye nafasi, tukakanyaga kimya, ikanipita, ikaenda mkiani. Mzunguko wa pili vivyo hivyo. Mzunguko wa tatu, Elisha aliuliza swali lake, na majina yalipoanza kutajwa aliondoka mbele. Mwalimu wa Kwimba aliyekuwa nyuma yake alisita, kisha akaushika uongozi bila kuambiwa. Elisha akatembea kando ya mstari, akihesabu mwendo kwa kichwa, akafika usawa wangu. Hakunitazama. Alisubiri mguu ukanyage, akaingia.

Zamu ilipofika alijiinua. Hakutaja Geita. Alitaja mji wa baba yake, Nkhata Bay, kule ng'ambo ya ziwa Nyasa, mji ambao mimi nilikuwa sijawahi kuusikia, na sauti yake haikukatika.

Mkono wangu uliokuwa hewani ukatua kwenye bega lake. Shati lilikuwa limelowa jasho. Nikataja Ushirombo, Mwalimu Kabula akataja kwao nyuma yangu, na mstari ukaendelea kutembea.